Seva ya filamu na picha nyumbani: diski, umeme na nakala kwa bajeti ndogo

Watu wengi huanza kwa kuuliza wanunue diski ya TB ngapi. Swali la kutangulia ni jingine: kati ya vyote ulivyo navyo, kipi kikipotea leo hakipatikani tena popote? Jibu lake ndilo litakaloamua idadi ya diski, aina ya mashine na uniti zitakazoliwa kila mwezi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka seva ndogo inayowaka usiku na mchana, yenye Jellyfin au programu ya aina hiyo, ya kurusha filamu, muziki na picha kwenye runinga na simu za familia. Mfano wangu ni nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam: umeme wa Luku, joto, unyevu wa bahari na umeme unaokatika bila hodi. Aliyeko Mombasa au Tanga hana cha kubadilisha zaidi ya bei. Msimamo wangu nautaja mapema: pesa ya diski ya tatu na ya nne ndani ya seva, itumie kununua diski inayolala kabatini.

Hatua ya 1: Gawa mali mafungu mawili

Fungu la kwanza ni vitu visivyopatikana tena. Hapa zimo picha za simu, video za watoto, DVD za harusi na send-off, kanda za taarab au kaswida za madrasa ulizozihamishia kwenye kompyuta, sauti za wazee, vyeti na hati ulizoziskani. Fungu la pili ni vitu vinavyopatikana kwa jasho kidogo: filamu, tamthilia, albamu, katuni za watoto.

Pima kila fungu kwa amri ya `du -sh` kwenye Linux, au bofya folda kwa kitufe cha kulia uangalie ukubwa wake kwenye Windows. Kwa makadirio, DVD ya safu moja haizidi GB 4.7, kwa hiyo harusi ya DVD tatu ni GB 14 tu. iPhone ikirekodi 4K kwa fremu 30 na HEVC (mbinu ya kubana video) inakula MB 170 kila dakika, yaani saa moja ni kama GB 10. Filamu ya 1080p inaweza kuwa GB 2 au GB 15 kutegemea ilivyobanwa. Ukijumlisha utaona kwamba kwa familia nyingi fungu la kwanza halifiki hata TB 1. Hilo ndilo linalostahili nakala tatu. Fungu la pili linaweza kuwa TB 4, lakini likipotea unachohitaji zaidi ni orodha ya majina.

Kama una DVD za harusi, anza nazo kabla hujanunua chochote. DVD za kuchoma zina tabaka la rangi linalochakaa, na joto na jua vinaliharakisha. Ikiwa na mikwaruzo, programu ya `ddrescue` inarudia kusoma sehemu mbovu mara nyingi na kuokoa inachoweza. Usitegemee studio iliyopiga harusi yako. Nao hufuta mafaili ili wapate nafasi ya harusi ya Jumamosi ijayo.

Ukishajua jumla, zidisha kwa mbili upate ukubwa wa kununua. Kumbuka pia kwamba watengenezaji huhesabu TB 1 kuwa baiti trilioni moja, ilhali Windows inahesabu kwa namna nyingine, kwa hiyo diski ya TB 2 itaonekana kama GB 1,862. Hujaibiwa.

Hatua ya 2: Hesabu wati kabla ya shilingi

Kifaa cha wati 1 kikiwaka mwaka mzima kinakula uniti 8.76. Kwa mwezi wa siku 30, wati 10 ni uniti 7.2. Hesabu hii ndogo ndiyo inayotofautisha seva unayoisahau na seva inayoleta maneno nyumbani.

TANESCO huwaweka wenye matumizi madogo kwenye kundi la D1: hadi uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350. Chukua nyumba inayotumia uniti 60. Ukiongeza seva ya wati 10 unafika 67, na maisha yanaendelea. Ukiwasha kompyuta kubwa ya mezani ya zamani inayokula wati 50, unaongeza uniti 36, unafika 96, na uniti 21 zimeingia kwenye bei ya juu. Aliye kwenye kundi la T1, la matumizi makubwa zaidi, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, naye hana unafuu: kwa shilingi 350 hivi baada ya makato, tofauti ya wati 40 ni zaidi ya shilingi 120,000 kwa mwaka, kila mwaka. Kwa sababu hiyo, kompyuta ya mezani uliyopewa bure ofisini si ya bure. Kenya nako bei ya nyumbani hupanda kwa ngazi, ukivuka uniti 30 na tena ukivuka 100, kwa hiyo hesabu ni ileile.

Mashine zinazofaa ni za aina nne, na nitazipanga kwa ninavyozipenda.

Ya kwanza ni kompyuta ndogo za ofisi za mtumba: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Zikiwa zimetulia hula wati 8 hadi 15. Zina nafasi ya SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya M.2 na diski moja ya inchi 2.5 ndani. Tafuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 au zaidi, kwa kuwa kuanzia hapo chipu ya picha inaweza kusoma na kuandika HEVC ya biti 10 yenyewe. Kizazi cha 6 hakiwezi, na muuzaji atakwambia ni kilekile.

Ya pili ni laptopu ya mtumba iliyovunjika kioo. Bei yake iko chini kwa sababu ya kioo ambacho wewe hukihitaji, na betri yake ni UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya kuzaliwa nayo. Zingatia mambo mawili. Weka kikomo cha kuchaji kiwe asilimia 80 kama laptopu inaruhusu, maana betri inayokaa 100 kwenye joto la Dar huvimba. Na betri hiyo inawezesha tu diski inayopata umeme kupitia USB. Diski kubwa yenye adapta yake ukutani itazimika papo hapo umeme ukikatika, hata kama laptopu inaendelea.

Ya tatu ni kompyuta ndogo mpya za Intel N100, prosesa iliyotoka 2023 yenye kiwango cha wati 6. Ni nzuri sana kwa video na inasoma hata AV1, mbinu mpya zaidi ya kubana video. Tatizo ni bei ikilinganishwa na mtumba, na adapta zake nyingine ni dhaifu.

Raspberry Pi naiweka ya mwisho, jambo litakalowaudhi baadhi ya watu. Pi 4 na Pi 5 zikitulia zinakula wati 3 au 4 tu, ni kweli. Lakini Pi 4 inatoa ampea 1.2 tu kwa bandari zake zote za USB, na Pi 5 inashuka hadi ampea 0.6 kama chaja yake si ile ya ampea 5. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kutaka ampea 1 peke yake. Matokeo ni diski inayojitenga na mashine katikati ya filamu, na mfumo wa mafaili unaoharibika. Ukiamua kuitumia, nunua chaja halisi, au tumia habu ya USB yenye umeme wake. Kisha andika `vcgencmd get_throttled`: ikijibu `0x0` uko salama, ikijibu `0x50000` umeme ulishawahi kupungua tangu ilipowashwa. Pi 5 pia haina kifaa cha ndani cha kuandika video, kwa hiyo usitarajie ibadilishe filamu nzito kwa ajili ya simu ya zamani.

Kwa vyovyote vile, lengo liwe runinga icheze faili jinsi lilivyo. Seva inayolazimika kuibadilisha video kila mtu anapotazama inakula umeme mara kadhaa ya ile inayotuma faili tu.

Hatua ya 3: Chagua diski

Diski za inchi 3.5, zile kubwa, zinakula wati 4 hadi 8 zikizunguka, na zinapoanza kuzunguka huvuta wati 20 au zaidi kwa sekunde chache. Za inchi 2.5 hula wati 1 hadi 2. SSD ya SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski za ndani) ikitulia haifiki hata wati 1. Kwa hiyo seva yenye diski nne kubwa ina wati 20 au zaidi za diski pekee, kabla hujahesabu kompyuta.

Kwa nyumba isiyozidi TB 4 au 5, chaguo langu ni SSD ndogo ya GB 240 hivi ya mfumo na kanzidata ya Jellyfin, pamoja na diski moja ya inchi 2.5 ya mafaili. Za ukubwa huo kwa miaka mingi zimeishia TB 5. Zina unene wa milimita 15, kwa hiyo haziingii ndani ya laptopu wala kompyuta ndogo. Zitakaa nje kwa USB. Hapo pana mtego: diski nyingi za kubebeka, zikiwemo nyingi za WD My Passport, zina bandari ya USB iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. Bandari ikilegea, huwezi kuichomoa diski na kuipachika kwa SATA. Ifunge waya isichezechezewe na watoto.

Karibu diski zote za inchi 2.5 za TB 1 na zaidi ni za mfumo wa SMR, ambao hulaza njia za data zikipandiana kama vigae vya paa. Kuandika upya katikati kunakuwa kwa polepole sana, lakini kusoma ni kawaida. Kwa filamu zinazoandikwa mara moja na kusomwa mara mia, SMR haina ubaya. Ubaya unakuja ukiiweka kwenye RAID au ZFS, mifumo inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, kwa sababu kujenga upya diski iliyokufa kunaweza kuchukua siku nyingi au kushindikana kabisa. Mwaka 2020 WD walijikuta matatani baada ya kugundulika kwamba baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila wanunuzi kuambiwa. Baada ya hapo ndipo likaja jina la Red Plus kwa ajili ya CMR, yaani diski ambazo njia zake za data hazipandiani.

Ukihitaji zaidi ya TB 5, nenda kwenye inchi 3.5, na kwa nchi zetu pana njia rahisi: maduka ya kamera za CCTV. WD Purple na Seagate SkyHawk zipo kila mtaa wenye mafundi wa kamera, zimetengenezwa kufanya kazi saa 24, na hazibagui filamu na kamera. Moja ya TB 8 ni bora kuliko nne za TB 2 kwa umeme, kwa kelele na kwa idadi ya vitu vinavyoweza kufa.

SSD kwa mafaili yote? Kama una TB 1 au 2 tu na pesa ipo, ni raha: hakuna kelele, hakuna kuamka kwa diski. Isipokuwa usiitumie kama nakala ya kuweka kabatini. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida zilizofikia ukomo wa matumizi ni kutunza data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30, na kabati la Dar mwezi wa pili linapita hapo. Nakala ya kulala iwe diski ya kuzunguka.

Flashi na kadi za kumbukumbu hazimo kwenye mjadala huu.

Hatua ya 4: Ijaribu kabla risiti haijapoa

Kariakoo utapata diski halisi, utapata zilizotumika zikiuzwa kwa uwazi kama zilizotumika, na utapata zilizochakachuliwa. SSD ya kubebeka inayoandikwa TB 16 kwa bei ya chakula cha watu wawili ni kadi ndogo iliyogundishwa ndani ya kasha, iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Inakubali mafaili yote, halafu yanayozidi uwezo wake yanapotea kimya kimya. Dawa ni `f3write` kisha `f3read` kwenye Linux, au H2testw kwenye Windows: zinaijaza diski yote na kuisoma tena.

Kwa diski za kuzunguka, nenda na laptopu na waya wa SATA kwenda USB. Andika `smartctl -a -d sat /dev/sdb`, au fungua CrystalDiskInfo. Hizo zitakuonyesha SMART, kumbukumbu ya afya ya diski. Namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu, ziwe sifuri. Hata moja ikiwa na 8 au 16, rudisha. Hata muuzaji akikwambia ni kawaida, rudisha. Namba 9 ni saa ilizofanya kazi: mwaka una saa 8,760, kwa hiyo "mpya" yenye saa 20,000 imeshakaa kazini zaidi ya miaka miwili. Namba 199, makosa ya mawasiliano, ikipanda, kwanza shuku waya.

Saa sifuri nazo si ushahidi kamili. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ulaya kwamba diski kubwa za Seagate zilizokuwa zikiuzwa kama mpya zilikuwa zimetumika maelfu ya saa, na hesabu za SMART zimefutwa. Walionaswa walinaswa na kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo haikufutwa. Kwa diski ya Seagate, `smartctl -l farm /dev/sdb` kwa toleo la 7.4 na kuendelea itakuonyesha saa halisi. Zisipolingana na zile za namba 9, umeshajua.

Ukifika nyumbani, anzisha `smartctl -t long` na uiache imalize, saa kadhaa au usiku kucha. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaijaribu na kuirudisha ikiwa na kasoro, na aandike hivyo kwenye risiti. Asiyekubali, duka la jirani liko hatua tano.

Hatua ya 5: Acha RAID

RAID inakulinda na kitu kimoja tu: diski moja kufa wakati hutaki huduma isimame. Hospitali na benki zinahitaji hilo. Nyumbani, filamu ikikosekana hadi Jumamosi hakuna anayeumia. RAID haikulindi na mtoto aliyefuta folda, virusi, wizi, radi iliyopita kwenye adapta, wala wewe mwenyewe ukiandika amri kwenye diski isiyo yake. Kosa likifanyika, linanakiliwa kwenye diski zote sekunde ileile. Na diski zote zinawaka muda wote.

Ukikua hadi diski tatu au nne, tazama mergerfs pamoja na SnapRAID. Ya kwanza inaziunganisha diski zionekane folda moja, ya pili inahifadhi hesabu za kurejeshea kwenye diski moja ambayo lazima iwe kubwa sawa na iliyo kubwa zaidi kati ya nyingine, au zaidi. Faida yake kwetu ni kwamba kila diski inalala peke yake: ukitazama filamu, inaamka ile yenye filamu hiyo tu. Hesabu hizo hufanywa ukiiagiza, mara moja kwa usiku kwa mfano, kwa hiyo inafaa mafaili yasiyobadilika. Picha zako bado zinahitaji nakala.

Hatua ya 6: Panga ndani ya mashine

Weka Debian, mfumo wa Linux, au OpenMediaVault ambayo imejengwa juu ya Debian na ina kurasa za kubofya. Diski ya mafaili ifomatiwe ext4. exFAT inavutia kwa sababu kila kompyuta inaisoma, lakini haina jarida la kumbukumbu, na umeme ukikatika katikati ya kuandika inaumia kirahisi. Kwenye `/etc/fstab`, faili la orodha ya diski, itaje diski kwa UUID yake (namba ya utambulisho):

`UUID=... /srv/media ext4 defaults,noatime,nofail 0 2`

`noatime` inazuia diski kuandikwa kila faili linaposomwa, na `nofail` inairuhusu seva kuwaka hata kama diski haijachomekwa. Tengeneza folda mbili tangu siku ya kwanza: `/srv/media/familia` na `/srv/media/filamu`. Mgawanyo wa hatua ya kwanza unaishi hapa.

Kisha ifundishe diski kulala. `hdparm -S 241 /dev/sdb` inailaza baada ya dakika 30. Diski nyingi za USB huipuuza amri hiyo; kwa hizo tumia programu ya `hd-idle`. Usiweke dakika 2 kwa tamaa ya kuokoa umeme, maana kulala na kuamka kila mara kunachosha vichwa vya diski kuliko kuzunguka. Diski isipolala kabisa, mhusika mara nyingi ni Jellyfin: hamishia kanzidata yake kwenye SSD, zima utengenezaji wa picha za sura za filamu, na weka ukaguzi wa maktaba uwe mara moja kwa siku, jioni, wakati diski imeshaamka kwa kazi nyingine.

Mahali pa kuiweka: si ndani ya kabati la runinga lililofungwa. Diski ikipita nyuzi 45 kila siku, isogeze au iwekee feni ndogo. Kwa walio karibu na bahari, chumvi hula viunganishi. Ukiona kutu kwenye plagi za SATA, umeshachelewa kidogo.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika, na ukirudi

Kukatika kunaharibu mafaili, kurudi kunaharibu vifaa. Kwa kurudi, kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme kwa dakika chache, cha Sollatek au cha aina hiyo, kinafaa na hakina gharama kubwa. Kwa kukatika unahitaji UPS.

UPS ya kawaida ya 650VA ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukiondoa upotevu na ukweli kwamba betri ya risasi haipendi kukaushwa, tegemea nusu. Seva ya wati 15 na ruta ya wati 10 zitapata saa moja na nusu hivi. Inatosha, kwa sababu kazi ya UPS hapa ni kuipa seva muda wa kujizima vizuri. Unganisha waya wake wa USB, weka programu ya NUT, na iagize seva ijizime betri ikifika asilimia 40. Betri hiyo ikikaa kwenye joto huisha haraka. Panga kuibadilisha, na fundi wa UPS anaijua.

Zile UPS ndogo za ruta za volti 12 zinaweza kuendesha kompyuta ndogo inayotumia volti 12, kama nyingi za N100, mradi ampea zinatosha. Usiichomeke OptiPlex humo, yenyewe inataka volti 19.5. Soma lebo ya adapta kabla ya kununua.

Hatua ya 8: Nakala

Kanuni inayojulikana ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa fungu la familia tunaifuata yote. Kwa filamu tunaikata bila aibu.

Nakala ya pili ni diski ya USB inayokaa imechomolewa. Kuchomolewa ndiko kunakoilinda na radi na virusi. Tumia restic, programu ya kutunza nakala:

`restic -r /mnt/nakala/restic init`

`restic -r /mnt/nakala/restic backup /srv/media/familia`

Amri ya kwanza ni mara moja tu, itakuuliza nenosiri na kila kitu kitafichwa kwa hilo. Ya pili irudie kila wiki, kwa mfano Jumapili jioni. Itaandika mabadiliko tu. Kisha `restic -r /mnt/nakala/restic forget --keep-weekly 8 --keep-monthly 12 --prune` inapunguza za zamani na kukuachia mwaka mzima wa kurudi nyuma. Huo mwaka ni muhimu: faili likiharibika leo unaweza usiligundue hadi Idi.

Watu wengi hutumia `rsync --delete` badala yake. Inafanya kazi, lakini ukifuta picha kwenye seva kisha ukaiendesha, umezifuta kote. Ukiipenda, tanguliza `--dry-run` usome inachotaka kufuta.

Nakala ya tatu iko nje ya nyumba. Njia ya kwanza ni diski nyingine kama hiyo, inayokaa kwa dada, shemeji au ofisini, unabadilishana nayo kila mwezi au miwili. Kwa kuwa restic imeificha, anayeihifadhi hawezi kuchungulia, na akiibiwa hakuna hasara ya siri. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya boksi za viatu.

Njia ya pili ni wingu. Backblaze B2, huduma ya kuhifadhi data mtandaoni, ilianza kutoza dola 6 kwa TB kwa mwezi Oktoba 2023; kwa bei hiyo GB 200 za familia ni dola 1.20, na restic inazungumza nayo moja kwa moja. Piga hesabu ya kasi kwanza: kwa Mbps 10 za kupandisha, GB 200 ni saa 44 mfululizo, TB 3 za filamu ni karibu mwezi mzima, ndiyo maana filamu haziendi huko. Kwa kifurushi cha simu usijaribu. Kwa faiba, iache ipande usiku kwa `--limit-upload`.

Njia ya tatu inawafaa wenye ndugu nje. Kama kaka yako yuko Muscat ana ruta inayowaka siku zote, mpe msafiri diski iliyokwisha kujazwa, iwekwe kwake kwenye mashine ndogo, na seva yako itume mabadiliko kupitia Tailscale, programu inayounganisha mashine za mbali kwa njia ya siri. Mzigo mkubwa umekwenda kwa ndege, intaneti inabeba picha za wiki hii tu.

Kwa filamu, iwepo orodha: `find /srv/media/filamu -type f > /srv/media/familia/orodha.txt`. Ukiwa na diski ya zamani isiyo na kazi, nakili humo unazozipenda zaidi. Basi.

Hatua ya 9: Zirejeshe kabla hujalazimika

Kila baada ya miezi mitatu endesha `restic -r /mnt/nakala/restic check --read-data-subset=10%`, halafu chagua folda moja, tuseme picha za mwaka fulani, na uirejeshe mahali pengine kwa `restic -r /mnt/nakala/restic restore latest --target /tmp/jaribio --include /srv/media/familia/2019`. Zifungue picha zenyewe kwa macho, video ichezwe hadi mwisho. Fanya hivyo kwa kompyuta nyingine walau mara moja, siyo seva ileile, maana siku ya shida seva ndiyo itakayokuwa imeibiwa.

Nenosiri la restic liandike kwenye karatasi, nakala mbili: moja pamoja na hati za nyumba, moja kwa mtu mwingine wa familia anayejua ni la nini. Pembeni yake andika hatua tatu za kufungua, kwa lugha ambayo mtu asiyejua Linux anaweza kumsomea fundi kwa simu.

Ukijumlisha, seva ni kompyuta ndogo ya mtumba, SSD ya GB 240, diski ya TB 4 au 5 ya mafaili na UPS moja. Nje yake zipo diski mbili za TB 1 au 2 za nakala. Kipima-wati cha plagi kitakuonyesha kati ya wati 10 na 16 diski ikilala. Kikikuonyesha 30, kuna kitu hakilali. Anza kuchunguza kwenye ratiba za Jellyfin.